Mbwa Wanaoshushwa Mlimani

Nimestaafu, lakini masikio yangu hayajaarifiwa. Mbwa akibweka upande wa pili wa bonde nainuka kitini. Mume wangu ananiambia, "Mama, kaa, hiyo sasa ni kazi ya wenzako." Nakaa. Mbwa akibweka tena nainuka tena. Kwa hiyo haya ninayoyaandika msitegemee yawe na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Nayaandika vipande vipande, katikati ya kuinuka na kukaa, kwa ajili yenu mnaovaa mabuti sasa hivi, na hasa kwa Rehema, aliyepokea funguo zangu na ambaye, kama ninavyomjua, ameshachoka kupigiwa simu na mimi.

Kwanza tumalize suala la jina. Miaka yangu yote ya kazi niliitwa Bwana Mifugo. Nilifika kazini binti mwembamba wa Soni mwenye nywele za kusuka, na wazee wakaniita hivyo hivyo, kwa sababu aliyekuwepo kabla yangu alikuwa Bwana Mifugo na aliyemtangulia pia alikuwa Bwana Mifugo, na wao hawakuona sababu ya kubadilisha cheo eti kwa kuwa mtu amebadilika. Watoto waliniamkia, "Shikamoo Bwana Mifugo," nami nikaitikia marahaba. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, wanawake walikuja na uji wakatangaza njia nzima kwamba Bwana Mifugo amejifungua salama. Mambo mengine ukianza kuyasahihisha unapoteza siku ya kazi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mnazi, kule chini, ambako mtu aliyezaliwa kwenye ukungu anajifunza kutafuta kivuli kabla ya kujifunza kazi. Mkuu wangu alikuwa Mzee Singano, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa kofia moja ya kitambaa mpaka ikawa haina rangi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ng'ombe. Chuoni tulifundishwa ng'ombe asubuhi, ng'ombe mchana, na kuku kidogo kabla ya mtihani. Mbwa tulimwona kwenye picha. Siku yangu ya kwanza Mzee Singano akanipa mwanzi na waya wa breki ya baiskeli, akaniambia nitengeneze fimbo ya kitanzi, kwa kuwa kulikuwa na chanjo ya mbwa na yeye hakuwa tayari kuumwa kwa niaba yangu.

Kitanzi cha kwanza kilikatika. Cha pili kilikaza mno, nikakaribia kumnyonga mbwa wa katibu wa kijiji mbele ya katibu mwenyewe. Cha tatu ndicho nilichonacho mpaka leo, kwa maana kwamba mwanzi nimebadilisha mara nyingi na waya nimebadilisha mara nyingi, lakini fundo ni lile lile alilonionyesha. Rehema, fundo hilo nimekuonyesha na wewe. Usilirekebishe.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kutomuuliza mtu swali analoweza kulikataa. Mimi nilikuwa nikifika kwenye nyumba nauliza kwa heshima zote, "Huyu mbwa ni wa nani?" Jibu lilikuwa moja kila mahali: wa hapa hapa kijijini. Mbwa anayelinda mahindi ni wa kila mtu. Mbwa aliyeiba samaki jikoni si wa mtu yeyote. Mzee Singano alikuwa anakaa kwanza, anasalimia, anauliza habari za shamba, halafu kama mtu anayewaza mambo mengine anauliza, "Makombo ya hapa anakula nani?" Mama mwenye nyumba anajibu kabla hajafikiri, huyo hapo mwekundu. Mzee anasimama, anachukua sindano. Alikuwa akisema kwamba mbwa hana hati ya kuzaliwa, kwa hiyo kwao ni pale panapotoka makombo.

Nilicheka wakati huo. Miaka mingi baadaye swali hilo liliokoa mtu, nami nilikuwa karibu nimelisahau.

Sasa niwaeleze habari ya Bakari, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kwa nini sikai. Bakari alikuwa mkulima wa mahindi pale Mnazi, baba wa watoto wadogo, mcheshi. Nguruwe pori walikuwa wakimmalizia shamba. Siku ya gulio shemeji zake walishuka kutoka mlimani na viazi vyao, na pamoja na viazi wakamletea mbwa mzuri, mkubwa, mwenye kifua. Bakari alifurahi. Mbwa alimng'ata mkononi siku ile ile ya kufika, na Bakari akasema ni ugeni tu, atazoea. Hakuzoea. Alikufa baada ya siku chache, akatupwa korongoni, na habari yake ikaisha. Ya Bakari ilikuwa haijaanza.

Tuliitwa mimi na Mzee Singano kwa sababu watu walidhani huenda ugonjwa umetoka kwa mbuzi. Tulimkuta ameketi kitandani, mkono aliong'atwa anaukuna tu. Mke wake alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Bakari alikuwa na kiu, alisema mwenyewe ana kiu, akanyoosha mkono, na maji yalipokaribia, koo lake likakaza, mwili mzima ukatikisika. Akajaribu tena, kwa sababu alikuwa mtu wa kujaribu. Mzee Singano alikichukua kile kikombe taratibu akakiweka nje ya mlango. Hapo nilijua, na yeye alijua, na hakukuwa na dawa ya kutafuta popote, si Lushoto, si Tanga, si kokote. Kichaa cha mbwa kikishafika pale hakina tiba. Alikufa, na mimi tangu siku hiyo siwezi kuona kikombe cha bati mezani nikakaa nacho.

Baada ya maziko Mzee Singano aliwauliza wale shemeji, kwa upole kabisa, yule mbwa alikuwaje kule juu. Wakaangaliana. Mmoja akasema alikuwa ameanza tabia ya kuuma watu, wakaona badala ya kugombana na majirani, wamshushe.

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia neno hilo likisemwa juu ya mbwa. Nilipoanza kuuliza, nikagundua kwamba kila mtu alikuwa analijua isipokuwa mimi niliyelipwa kujua. Mlimani nyumba zimebanana, mbwa akiuma mtu ni kesi. Chini kuna nguruwe pori na nyani, mbwa mkali ni neema. Gulio lipo kila wiki, ndugu wapo pande zote mbili. Kwa hiyo mbwa akishamng'ata mtu, kabla hata mwenyekiti hajafika, anaondoka na mizigo ya sokoni kwenda kwa mjomba. Hakuna ubaya wa roho ndani yake. Ni aibu, ujirani na undugu vimefungwa kamba moja, na ugonjwa unashuka nao barabarani kama abiria mwingine.

Nimeinuka kidogo. Alikuwa mbwa wa fundi cherehani, anabwekea bodaboda. Nimerudi.

Baada ya Mnazi nilipandishwa mlimani, nikimaanisha kwa miguu. Kwa muda niliazimwa upande wa Bungu, karibu na mashamba ya chai. Huko nilikutana na mbwa wa aina nyingine. Wafanyakazi wa chai walitoka kila pembe ya nchi, Waislamu kwa Wakristo, na kwenye kambi mtu aliye mbali na kwao anahitaji kitu cha kumpokea akitoka kazini. Wengi walifuga vijibwa. Mkataba ukiisha, godoro linapanda gari, masufuria yanapanda, kuku anapanda. Mbwa anakimbia nyuma ya gari mpaka kwenye kona, halafu anasimama. Niliona hivyo mara nyingi, na kila mara mbwa alirudi kambini akalala kwenye mlango ule ule, akingojea. Mpangaji mpya akimfukuza, anahamia jalalani. Jalalani wanazaana. Wakishakuwa wengi, watu wanaandika barua wilayani, na wilayani wanatutuma na nyama yenye sumu.

Sumu niliitega kama nilivyoagizwa, na nitawaambia ilivyokuwa. Walikufa waliokuwa wapole, waliokuja wanatikisa mkia, wengine niliowachanja mwenyewe. Wakali na wenye hofu walibaki. Na majira ya chai yaliyofuata kambi ilikuwa na mbwa wengi vilevile, safari hii hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Niliporudi nyumbani siku hiyo nilikuwa na hasira ambayo haijaniisha. Ukimwaga maji sakafuni huku bomba umeliacha wazi, usijisifu kwamba umedeki.

Hapo ndipo nilipoanza kelele zangu za banda. Nilitaka kila kata iwe na banda moja la mbwa, si kubwa, lenye mlango imara na paa. Mahali pa kumweka mbwa aliyeng'ata mtu, aangaliwe siku kumi bila kufichwa wala kupigwa mawe. Mahali pa kupokea wale wa kwenye kona mpaka apatikane mtu wa kuwalea. Nilipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji, juu kule upande wa Mlalo nilikohamishiwa. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akaomba utulivu. Yeye mwenyewe akaniuliza, na lilikuwa swali la haki, kama nilitaka tujenge nyumba ya mbwa wakati mwalimu wa watoto wetu amepanga chumba chenye paa linalovuja. Nilikaa chini. Mwaka uliofuata nikasimama tena nikasema yale yale. Walizoea. Agenda ya mbwa ikawa ndiyo wakati wa watu kwenda kujisaidia.

Sasa nafika kwa Mama Tumaini.

Mama Tumaini alikuwa mjane mwenye shamba zuri la peasi na kabichi, mwimbaji wa kwaya ya usharika wa Kilutheri, ulimi mkali. Mume wake alipofariki maneno yalikuwa mengi. Kuna waliosema arudi kwao, na maneno hayo yalikuwa yanatoka hasa kwenye boma la jirani aliyepakana naye. Mama Tumaini hakujibu mtu. Alifuga mbwa mwekundu akamwita Watasema. Mnajua desturi yetu, usichoweza kumwambia jirani unampa mbwa akubebee. Kila jioni alisimama kwenye ua wa mpakani akaita, "Watasema! Watasema, njoo ule!" Bonde zima linasikia, na jirani anayepakana naye anasikia zaidi.

Halafu jioni moja binti wa jirani huyo, Agnesi, akang'atwa mguuni akiteka maji kijitoni. Hakumchokoza mbwa, hata hakumwona anakuja. Alisema tu alikuwa mwekundu.

Nilipata habari kesho yake asubuhi. Agnesi alikuwa ameshaoshwa kidonda kwa sabuni na maji mengi, namshukuru muuguzi wa zahanati, na alikuwa njiani kwenda hospitali kuanza sindano. Hilo mlishike: aliyeumwa hamsubiri mbwa. Anaosha kidonda kwa muda mrefu kuliko anavyodhani inatosha, anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, na anamaliza sindano zote hata kama kidonda kimekauka. Tunamtafuta mbwa kwa ajili ya wengine, wale ambao hatujui kama wameguswa.

Mbwa hakuwepo. Nilikwenda kwa Mama Tumaini, akaniambia Watasema alipotea siku nyingi, huenda alikufa, na mbwa wekundu ni wengi. Nilikwenda kwa majirani, nao wakasema mbwa wekundu ni wengi. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza. Kumtaja mbwa kwa jina kungekuwa sawa na kusema kwamba Mama Tumaini amemtuma, na baada ya hapo kungekuwa na wazee, baraza, mahakama na laana. Walidhani wanalinda amani.

Siku hiyo ilikuwa ya gulio huko Mnazi. Nilimkuta kijana wa bodaboda anaosha pikipiki yake, nikamuuliza alishusha nini alfajiri. Viazi, akasema, gunia moja. Nikamuuliza viazi vyake vilianza kubweka kwenye kona ipi. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliapa kwamba gunia alilikuta barabarani limeshafungwa, na nyumba ya kulipeleka alielekezwa kwa simu, akanitajia nyumba hiyo. Sikumbana zaidi, maana kichwani mwangu lilikuwa limeingia jambo jingine. Mbwa mkubwa haingii guniani kwa hiari. Kuna mtu aliyemsukuma, akashika mdomo wa gunia, akafunga. Mtu huyo alikuwa na mikono, na alikuwa amekaa kimya.

Nilishuka Mnazi na pikipiki ya ofisi, breki zikinuka. Mzee Singano alikuwa amestaafu zamani na anaishi huko huko, amekonda, anatembea kwa mkongojo. Nilipita kumwamkia na kumwomba tu ushauri. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na ile kofia yake isiyo na rangi na fimbo ya kitanzi.

"Baba, wewe umestaafu," nikamwambia.

"Kweli," akasema, na huku ameshapanda nyuma ya pikipiki.

Tulimkuta Watasema amefungwa kwenye mti uani, na watoto wanamrushia vipande vya ugali kwa mbali. Bibi wa nyumba ile alilalamika kwamba wamepewa mbwa asubuhi na mchana wananyang'anywa. Mzee Singano akamwuliza kama anamkumbuka Bakari. Bibi akawaita watoto wake ndani. Mkwewe alikuwa ameshakwaruzwa na mbwa huyo, tukampeleka zahanati siku hiyo hiyo. Mbwa tulimtia kitanzi, mimi mbele na mzee nyuma.

Sikuwa na banda, kwa hiyo nilimfungia kwenye zizi langu la mbuzi. Mbuzi nikawahamishia jikoni, na mume wangu alivumilia, Mungu ambariki. Zizi liko kando ya njia iendayo kanisani. Watu walipita, wakachungulia, wakasema mbwa wekundu ni wengi. Mtu mmoja tu hakuchungulia. Mama Tumaini alianza kupita njia ya chini, ile yenye matope.

Jumapili baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka nje ya kanisa kama kawaida yetu. Siku zote Mama Tumaini ndiye aliyepandisha bei ya mkungu wa ndizi mpaka mchungaji mwenyewe anacheka. Siku hiyo alisimama ukutani, kimya, mkono wa kulia umeviringwa ndani ya kanga. Nikasogea karibu yake. Nilikuwa na maswali mengi na yote angeweza kuyakataa. Ndipo nikamkumbuka mzee.

"Mama Tumaini," nikamwambia, "makombo ya kwako siku hizi anakula nani?"

Alitazama mbele, kwenye ndizi. "Siku hizi nayamwaga tu," akasema.

Nikamuuliza mkono una nini, akasema ni mundu. Nikamweleza habari za Bakari, zote, pamoja na kikombe. Akageuka, akaingia kwenye Kishambaa kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba tangu azike mume wake watu wanatafuta neno moja tu la kumtoa kwenye shamba la marehemu. Akisema mbwa ni wake, watasema amemtuma kwa mtoto wa watu. Je, neno hilo awape yeye mwenyewe?

Nikamwambia, "Ukifa, shamba watalipata bila kutafuta neno lolote."

Aliondoka bila kuniaga. Nami sikulala vizuri, na mchana wake sikula vizuri. Nilitembea kutoka jikoni mpaka zizini, kutoka zizini mpaka barabarani. Nilimtuma muuguzi, akarudi. Nilimwomba mchungaji, akaenda, akarudi naye akitikisa kichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, kila mtu anaijua methali hiyo, na kila mtu anadhani imetungwa kwa ajili ya jirani yake.

Kisha Watasema akabadilika. Asubuhi alikataa maji. Baadaye sauti ikawa si yake, imekwaruza, na mate yanamshuka. Akaanza kuuma mbao za zizi. Habari ikazunguka kijiji kabla sijamaliza kumpigia simu Rehema, ambaye alikuwa mgeni kazini na alikuja mbio na sindano ya kumlaza asiamke tena. Watu wakajaa, nami nikawazuia wasisogee. Agnesi alikuwepo na mama yake, wamesimama mbele ya wote, kama wenye haki ya kusimama hapo.

Mama Tumaini alikuja kwa njia ya juu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Watu wakampisha, akafika karibu na zizi kiasi nilichomruhusu, akasimama.

"Watasema," akaita. Hakuita kwa ile sauti ya uani, aliita kama anayemwita mtu aje kula. Mkia wa yule mbwa ukapiga chini mara moja. Halafu kichwa kikagonga mbao.

"Ni wangu," Mama Tumaini akasema, akiwa amegeuka sasa kuwatazama watu. "Nimemlea mwenyewe. Na gunia nilifunga mwenyewe." Akaifungua kanga. Mkono ulikuwa umevimba, na alama za meno hazihitaji mtaalamu.

Nilimtazama mama yake Agnesi, kwa sababu kila kitu kilikuwa kwake. Yeye alikuwa anautazama ule mkono.

"Tulijua, Mama Tumaini," akasema. "Wewe nenda hospitali."

Nilimpakia kwenye pikipiki bila kuaga mtu. Rehema ndiye aliyemlaza Watasema, peke yake, kazi yake ya kwanza ngumu, na sampuli ilipopelekwa jibu lilikuwa lile tulilolijua. Mama Tumaini alimaliza sindano zote. Yu hai, na bei ya ndizi imerudi pale ilipokuwa.

Msidhani walipatana. Hawajapatana mpaka leo, wanasalimiana tu, na mpaka wa shamba bado una maneno. Lakini mkutano uliofuata nilipoinuka kusema yangu, hakuna aliyetoka kwenda kujisaidia. Tulijenga banda kwa msaragambo. Wanaume walibeba mawe, wanawake mchanga na maji, na yule mwenyekiti wa swali la haki alitoa mabati yaliyobaki kwenye nyumba yake. Nyumba ya mwalimu ilifuata baadaye, maana ilionekana aibu mbwa awe na paa zuri zaidi. Niliweka sharti moja. Mtu akitaka kuchukua mbwa bandani, wa kambini au wa jalalani, asimame mlangoni mbele ya watu aseme, huyu ni wangu. Wengine wanaona haya, wanacheka, wanasema ni wetu. Wetu sikubali. Wetu ndiye anayekwenda guniani.

Rehema ananiambia kuna maneno kwamba banda linafaa kuwekwa mbolea. Najua, mbolea ikilowa ni hasara. Lakini mbolea watu watagombania kuipa nafasi hata chini ya kitanda, na mbwa anayeshukiwa hakuna atakayempa hata kivuli cha ua. Siku banda litakapojaa magunia ya mbolea, gunia lenye mbwa ndani litarudi barabarani alfajiri ya gulio. Rehema, ukisimama kusema hayo mkutanoni watacheka. Kaa chini. Mwakani usimame tena.

Mzee Singano tulimzika Mnazi. Fimbo yake ninayo, iko nyuma ya mlango pamoja na yangu.

Mama Tumaini amefuga mbwa mwingine, mweusi, alimchukua bandani akiwa mtoto. Siku ya chanjo anapita naye katikati ya kijiji kwa kamba, yeye mwenyewe, hatumi mtu. Amemwita Wangu. Jioni anasimama ua ule ule wa mpakani anaita, "Wangu! Wangu, njoo ule!" na mimi huku upande wa pili nikishaisikia sauti hiyo, nakaa. Ndiyo saa moja ya siku ambayo mume wangu ananikuta nimetulia.

Leo sijaisikia. Giza linakaribia, na peasi zinavunwa, huenda amechelewa tu shambani. Mume wangu ananikumbusha kwamba nimestaafu. Nimemwambia kweli, na mguu mmoja tayari uko ndani ya buti.